Mwalimu Bora Hajulikani Siku ya Mtihani

Katika faili moja lililoletwa mbele ya kamati ya tuzo ya ufundishaji niliyowahi kukaa, hapakuwa na picha wala vyeti, na barua ya sifa ilikuwa moja tu. Kulikuwa na rasimu nne za sura ileile ya tasnifu ya uzamili, zimepangwa kwa tarehe. Ya kwanza ilijaa maandishi ya kalamu pembeni hata maneno ya mwanafunzi yakawa yanasomeka kwa taabu. Hayakuwa masahihisho ya tahajia. Yalikuwa maswali: "Umejuaje?" "Nani angekupinga hapa, na angesema nini?" "Aya hii inasema nini ambacho ile ya juu haijasema?" Rasimu ya pili ilikuwa na maswali machache zaidi, ya tatu machache kuliko hayo. Kwenye ya nne mhadhiri aliandika sentensi moja tu, mwishoni kabisa: "Sasa mimi ndiye ninayejifunza."

Tulilizungusha faili lile mezani. Mjumbe mmoja akasema kwa upole, "Mwenyekiti, kazi ni nzuri, lakini hapa tunapima ufundishaji. Huu ni usahihishaji." Hakuwa na nia mbaya. Fomu tuliyopewa ilikuwa na nafasi ya wastani wa alama za dodoso la wanafunzi, nafasi ya idadi ya kozi, ya idadi ya wanafunzi, ya matumizi ya teknolojia darasani, na ya warsha alizohudhuria mwombaji. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu alimpokea mwanafunzi asiyejua kujenga hoja, akamwacha anajua. Tuzo ilikwenda kwa mhadhiri mwingine, hodari wa jukwaani, na alistahili kupongezwa. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza vyuo vikuu vinapotoa tuzo hizi vinatambua kitu gani hasa.

Nionavyo mimi, vinatambua kile kinachoonekana kwa mbali na kwa haraka. Ilhali ubora wa ufundishaji, na zaidi ubora wa malezi ya kitaaluma, huonekana kwa karibu na kwa kuchelewa. Utaratibu usiokubali mambo hayo mawili utaendelea kumkosa mtu uliyemkusudia, hata kama kila mjumbe wa kamati ni mwadilifu.

Tuchukue dodoso la mwisho wa muhula, ambalo ndilo mhimili wa tathmini katika vyuo vingi. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Donald Naftulin, John Ware na Frank Donnelly, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo bado linakera. Walimchukua mwigizaji, wakampa jina la Dakta Myron Fox na wasifu wa kubuni, wakampandisha jukwaani kuzungumza na wataalamu wa afya ya akili na waelimishaji juu ya matumizi ya nadharia ya michezo ya kihisabati katika mafunzo ya madaktari. Hakuwa na ujuzi wowote wa somo hilo. Mhadhara ulitungwa makusudi uwe na kauli zinazopingana, mifano isiyohusiana na mada na maneno ya kubuni, ila utolewe kwa uchangamfu na ucheshi. Wasikilizaji walimsifu. Wengi wao walisema amewachochea kufikiri.

Mhadhara mmoja si kozi nzima, na jaribio lile lilikuwa dogo. Ushahidi mzito ulikuja mwaka 2010, pale Scott Carrell na James West walipochambua rekodi za wanafunzi zaidi ya 10,000 wa chuo cha Jeshi la Anga la Marekani. Chuo kile kina sifa adimu: mwanafunzi hachagui mwalimu, hupangiwa darasa bila upendeleo, na wote wanaosoma kozi moja hufanya mtihani uleule. Kwa hiyo huwezi kusema kwamba wenye uwezo walikimbilia kwa fulani. Walichokikuta watafiti hao ni hiki. Kwa wastani, walimu ambao wanafunzi wao walifanya vizuri kwenye mtihani wa kozi yenyewe ndio waliopewa alama za juu na wanafunzi. Lakini wanafunzi haohao walifanya vibaya zaidi kwenye kozi zilizofuata, zile zinazojengwa juu ya ya kwanza. Walimu wenye uzoefu na elimu kubwa zaidi walikuwa kinyume chake: muhula wa kwanza matokeo yalikuwa ya chini na dodoso baridi, ila wanafunzi wao walisimama imara walipofika mbele.

Ningependa kila mjumbe wa kamati ya tuzo akae na matokeo hayo kwa muda. Maana yake ni kwamba dodoso la mwisho wa muhula halikosei ovyo tu, kama saa iliyoharibika. Pale chuoni lilielekea upande mbaya. Mwalimu aliyefundisha mtihani alishukuriwa, na aliyechimba msingi alilalamikiwa, kwa sababu kuchimba msingi kuna vumbi na anayevuta vumbi hilo haoni nyumba bado. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha jambo linalofanana na hilo kwa karibu zaidi. Wanafunzi wa fizikia waliofanya mazoezi wenyewe kwa makundi walijifunza zaidi kuliko waliosikiliza mhadhara uliotolewa kwa ufasaha kuhusu mada ileile, lakini walipoulizwa, walihisi wamejifunza kidogo. Jasho walilotoa walilichukulia kuwa dalili ya kutoelewa. Utelezi wa mhadhara mzuri waliusoma kama uelewa wao wenyewe.

Kuna na upendeleo ambao mwanafunzi mwenyewe hajui anao. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015 kuhusu kozi iliyofundishwa kwa intaneti nchini Marekani, mwalimu wa kike na wa kiume kila mmoja alifundisha kundi moja kwa jina lake na lingine kwa jina la mwenzake. Yeyote aliyedhaniwa kuwa mwanamume alipata alama za juu zaidi, hata kwenye kipengele cha kurudisha kazi kwa wakati, ilhali kazi zote zilirudishwa kwa wakati mmoja. Mwaka 2018, katika mgogoro wa kikazi kati ya Chuo Kikuu cha Ryerson cha Kanada na chama cha wahadhiri wake, msuluhishi William Kaplan aliamua kwamba wastani wa madodoso usitumike kupima ubora wa ufundishaji wakati wa kuamua ajira ya kudumu au kupandisha cheo. Uamuzi ule haukuwanyamazisha wanafunzi, na usingepaswa. Mwanafunzi ndiye anayejua kama mhadhiri aliingia darasani, kama alisikiliza swali, kama alimjibu mtu kwa dharau, kama kazi ilirudi na maoni au na tarakimu tupu. Hayo aulizwe, tena kwa makini kuliko anavyoulizwa sasa. Asichoweza kujua mwezi wa mwisho wa muhula ni kama alichopewa kitamfaa.

Hapo ndipo namkumbuka Arnold Sommerfeld, mwanafizikia wa Munich, Ujerumani. Alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel mara 84 na hakuipata hata mara moja. Lakini Werner Heisenberg, Wolfgang Pauli, Peter Debye na Hans Bethe, wote washindi wa Nobel, waliandika tasnifu zao za uzamivu chini yake. Simtaji ili kulalamikia Nobel, ambayo haikuwekwa kutambua ualimu. Namtaja kwa sababu ya namna alivyofanya kazi. Pauli alipokuwa kijana wa miaka kama 20, bado hajamaliza shahada, Sommerfeld alimkabidhi kazi aliyokuwa ameombwa yeye mwenyewe: kuandika makala ya ensaiklopidia kuhusu nadharia ya uhusianifu. Ilitoka mwaka 1921, ndefu kupita kurasa 200, na Albert Einstein aliisifu hadharani. Hebu fikiria ujasiri wa mwalimu anayempa mwanafunzi jukumu ambalo likiharibika litachafua jina la mwalimu.

Heisenberg naye karibu akwame. Kwenye mtihani wake wa uzamivu mwaka 1923, Wilhelm Wien, profesa wa fizikia ya majaribio, alimuuliza maswali ambayo mtahiniwa yeyote angetazamiwa kuyajibu, pamoja na jinsi betri inavyofanya kazi. Heisenberg akashindwa. Wien alitaka kumfelisha. Sommerfeld akasimama upande wake, na kijana akapita kwa daraja la chini. Wien hakukosea, kwani mtahiniwa kweli hakujua. Kilichomtofautisha Sommerfeld ni kwamba alikuwa amemfuatilia yule kijana kwa miaka mitatu, akijua anachoweza na asichoweza, na hakuruhusu saa moja ya aibu ifute ushahidi wa miaka ile. Ni tendo la malezi ambalo hakuna dodoso lingelinasa. Wakati lilipofanyika lingeweza hata kuonekana kama upendeleo. Karibu na mwisho wa maisha yake, chama cha walimu wa fizikia cha Marekani kilimpa Nishani ya Oersted, inayotolewa kwa mchango katika ufundishaji wa fizikia. Kufikia hapo wanafunzi wake walikuwa wametawanyika duniani, na mtu angeweza kuwahesabu.

Emmy Noether, mwanahisabati wa Ujerumani, hata nafasi ya kuitwa mwalimu alinyimwa. Alipofika Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1915 sheria hazikumruhusu mwanamke kufundisha kwa jina lake, kwa hiyo kwa miaka kadhaa mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la mwanahisabati mwenzake, David Hilbert, naye akafundisha bila mshahara. Tena hakuwa mzungumzaji wa kupendeza: alikwenda kasi, akabadilisha mawazo katikati ya ubao, na mgeni alipotea. Dodoso lingemwangusha. Waliobaki naye, ambao hata waliitwa kwa jina lake, walitoka wakaibadili aljebra ya karne nzima.

Lazima niweke tahadhari hapa, kwa kuwa mifano hii ina mtego. Ukimpima mlezi kwa utukufu wa wanafunzi wake, utamtuza aliyebahatika kupata wenye vipaji, na chuo chenye jina kubwa kitajishindia tuzo zote. Kipimo ninachokiamini ni umbali. Mwanafunzi alikuwa wapi alipokuja, na alifika wapi? Mhadhiri aliyemchukua kijana aliyefeli mara mbili, akamsaidia kuandika tasnifu ya kawaida lakini ya kwake mwenyewe, ya kweli, isiyoibwa popote, huenda amesafiri mbali kuliko profesa aliyempokea mtu ambaye angefika hata bila yeye. Rasimu zile nne nilizozitaja zilikuwa na thamani kwa sababu hiyohiyo: ungeweza kuona safari. Idadi ya wahitimu waliosimamiwa, inayopendwa sana kwenye fomu, haionyeshi safari yoyote. Ikifanywa kipimo, inamsukuma msimamizi kuharakisha tasnifu mbichi ili zihesabiwe.

Na yapo malezi mabaya yanayovaa nguo za malezi mema. Msimamizi anayeweka jina lake la kwanza kwenye makala aliyoiandika mwanafunzi, anayemgeuza mtafiti kijana kuwa karani wake, anayemchelewesha asihitimu kwa sababu anamhitaji maabara, huyo naye anaweza kuleta barua tano za sifa kutoka kwa wale waliomfaa. Ndiyo maana kamati makini haiishii kwa walioorodheshwa na mwombaji. Inawatafuta pia walioanza naye wakaondoka, na kuwauliza kwa siri kwa nini waliondoka. Sijaona swali lenye nguvu kuliko hilo katika kazi hii yote, na ni nadra sana kuulizwa.

Uzito wa jambo hili si wa kinadharia. Mwaka 2014 shirika la Gallup pamoja na Chuo Kikuu cha Purdue liliwahoji wahitimu zaidi ya 30,000 nchini Marekani. Waliosema kwa nguvu kwamba chuoni walikuwa na profesa aliyewafanya wapende kujifunza, maprofesa waliowajali kama watu, na mlezi aliyewatia moyo kufuata malengo yao, walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kuipenda na kujituma katika kazi wanayofanya sasa. Waliobahatika kupata yote matatu walikuwa asilimia 14 tu. Ni kumbukumbu za watu kuhusu maisha yao, si kipimo cha maabara, na uhusiano huo hauthibitishi chanzo. Lakini ile 14 inaniuma. Wengine wote walipita katika taasisi ya watu wasomi kwa miaka mitatu au minne na kutoka bila mambo hayo matatu kukutana.

Tumezoea kusema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa ufundishaji methali hii haitusaidii. Utafiti una majarida ya kuutangaza, una mikutano, una hesabu za marejeo, na unabaki kwenye rafu hata mwandishi akifa. Ufundishaji mzuri ukishafanyika umeondoka na mwanafunzi mlangoni. Saa ambayo mhadhiri alikaa na mtu aliyekuwa anataka kuacha masomo haiachi karatasi. Na kwa kuwa haiachi karatasi, mzigo wake hauonekani kwenye mgawanyo wa kazi wa idara. Idara nyingi zina mtu mmoja au wawili ambao wanafunzi wote wenye matatizo huelekezwa kwao, mara nyingi mwanamke, mara nyingi mtu wa daraja la chini, na mtu huyo ndiye anayechelewa kuchapisha, ndiye anayechelewa kupanda cheo, kisha mwisho wa mwaka anapewa cheti cha asante.

Cheti hicho ndicho kinachonifanya nisiridhike na tuzo peke yake. Mwaka 1990 Ernest Boyer, aliyekuwa rais wa taasisi ya Carnegie ya kuendeleza ualimu nchini Marekani, alipendekeza kazi ya msomi itazamwe kwa sura nne: kugundua, kuunganisha maarifa, kuyatumia, na kuyafundisha. Alitaka ya nne ihesabiwe kwa uzito kama ya kwanza. Tangu hapo hati nyingi za vyuo vikuu zimekuwa zikisema hivyo, kwamba ufundishaji, utafiti na huduma ni nguzo tatu. Kisha siku ya kujadili maombi ya kupanda cheo, orodha ya machapisho husomwa mstari kwa mstari na ufundishaji hupitishwa kwa neno "unaridhisha." Mhadhiri kijana hahitaji kusoma hati. Anatazama nani amepandishwa, na anajifunza. Tuzo ya mwaka inayotolewa kwa mtu mmoja huku taratibu za cheo zikiwaadhibu waliofanya kama yeye, ni kumpa mtu maua kwa mkono mmoja na kumfungia mlango kwa mwingine.

Wapo wanaosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji: ukimpa mwalimu sifa atalewa, au wenzake watamwonea kijicho na idara itagawanyika. Nimeyaona yakitokea, kwa hiyo sitasema hofu hiyo ni ya bure. Ila yanatokea zaidi pale sifa inapotoka hewani, bila mtu kujua imepimwaje. Wenzake wakiwa wameingia darasani kwake mara tatu kwa muhula, wakasoma mitihani anayotunga na kazi anazosahihisha, wakamweleza walichokiona kizuri na walichokiona kibaya, sifa inakuwa na mizizi na hata asiyeipata anaondoka na kitu. Zawadi nayo si lazima iwe ya kujionyesha. Mpunguzie aliyebeba wanafunzi wengi kozi moja kwa mwaka. Mpe msaidizi. Wahesabie na wakufunzi wa muda, wanaofundisha madarasa makubwa ya mwaka wa kwanza na ambao kanuni nyingi za tuzo zinawaacha nje kwa sababu tu mikataba yao ni mifupi.

Mfano wa kuiga upo. Jarida la sayansi la Nature lilianzisha mwaka 2005 tuzo za malezi ya kisayansi, zinazotolewa katika nchi au eneo tofauti kila mwaka. Anayependekezwa huhitaji ushuhuda wa watu watano aliowalea katika vipindi tofauti vya kazi yake. Vipindi tofauti: hapo ndipo penye hekima. Aliyeondoka miaka 20 iliyopita hana alama ya kuogopa wala barua ya kuomba, na ameshakutana na walimu na wakubwa wa kazi wengine wa kulinganisha. Anajua sasa ni lipi lilikuwa ukali wa bure na lipi lilikuwa ukali uliomjenga.

Chuo chochote kinaweza kuanza na hilo bila kusubiri bajeti. Kila chuo kinatunza anwani za wahitimu wake, na kinazitumia kuwaomba michango. Kichukue waliohitimu miaka mitano iliyopita na waliohitimu kumi iliyopita, kiwaandikie barua fupi, na kisiwaulize mwalimu gani waliyempenda, kwa kuwa hapo tutarudi kwa Dakta Fox. Kiwaulize ni nani aliyewahi kuwarudishia kazi wakaona kweli ameisoma, aliwaandikia nini, na walifanya nini baada ya hapo. Majibu yasomwe yote, na watu wa idara husika, kabla ya kikao cha kupandisha vyeo, si baada yake. Majina yatakayojirudia humo, nina hakika, mengi hayajawahi kuitwa jukwaani.